Kufuli Alilomwachia Mtoto

Basi la mgodi lilipokata kona na kupotea asubuhi ile, nyumba nzima ilishusha pumzi, kama inavyoshusha pumzi nyumba iliyoagana na mgeni mkubwa. Mke wa Fundi alishusha pumzi naye, kisha akaona haya. Mgeni gani? Aliyeondoka ni mumewe wa ndoa, baba wa mtoto wake.

Lakini ndivyo mambo yalivyokuwa siku hizi. Fundi alikuwa fundi wa mtambo wa kusaga mawe huko mgodini, mbali nyikani, ambako hata simu hazishiki. Akienda zamu anakaa wiki baada ya wiki. Akirudi, siku za nyumbani zinakwisha kabla begi halijapoa. Kwa kuwa siku zenyewe ni chache, hakuna aliyetaka kuziharibu. Redio ilipunguzwa sauti. Habari mbaya zilingoja aondoke kwanza. Mtoto alipoteguka mkono, baba aliambiwa baada ya mkono kupona. Paa la jikoni lilipovuja, mama mkwe aliweka ndoo na kuifunika kitambaa ili mwanawe asiione. "Mwacheni mwanangu apumzike," ndiyo ilikuwa kauli yake. Wakamwacha. Wakamwacha mpaka ikawa akitaka sukari anauliza iko wapi, kama mtu aliyekuja kuposa.

Naye hakuwa msemaji tena. Ukimuuliza kazi vipi, anajibu, "Kazi ni kazi," anatazama ukuta.

Mke wa Fundi alikuwa akiosha vyombo. Mama mkwe alikuwa mlangoni na ungo wake, anachambua mchele. Sakafuni alikaa mtoto, ambaye bibi yake alimpachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na boksi la viatu alilolifanya duka, na wanasesere wawili wa matambara ndio wateja.

"Leo hakuna kukopa," Chiriku alikuwa akiwaambia. "Na usiku nafunga. Mwizi akija atakoma."

"Unafunga na nini, mke mwenzangu?" bibi akamtania. "Mlango wenyewe karatasi."

"Na kufuli! Tazama, Bibi. Kufuli la kweli."

Mke wa Fundi aligeuka, mikono ina povu.

Lilikuwa kufuli jekundu, dogo, zito. Lilikuwa na kibati kilichobandikwa picha ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa Fundi, amekunja uso kama watu wote wanavyokunja uso kwenye picha za kazini. Ufunguo ulikuwa umo humo ndani ya kufuli.

Sahani ilimponyoka ikavunjika. Hakuitazama.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Kanipa Baba."

"Usinidanganye! Umelichukua kwenye begi lake?"

"Kanipa Baba mwenyewe, wakati unachemsha chai. Kasema nilitunze." Chiriku alianza kukunja midomo, akiona vigae miguuni mwa mama yake. "Kasema yeye hatalihitaji tena."

Mke wa Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kufuli tu hilo," mama mkwe alisema. "Atanunua jingine. Sasa sahani ndiyo ya kuvunja?"

"Mama, hujui kufuli hili ni nini."

Na kweli, hakujua. Mke alilijua kwa sababu zamani, Fundi alipokuwa bado anazungumza, alikuwa akimsimulia habari za kazi mpaka chai inapoa. Mtambo ule, alisema, una meno yanayotafuna jiwe kubwa kama jiko. Ukiharibika, fundi huingia tumboni mwake kuutengeneza. Kabla ya kuingia anauzima, halafu anafunga kufuli lake kwenye swichi. Lake yeye, lenye sura yake, na ufunguo ni mmoja tu, uko mfukoni mwake. Kufuli likiwa pale, hakuna mtu duniani anayeruhusiwa kuwasha, hata mkubwa wa mgodi aje na suti yake. Maana yake ndani kuna mtu. Fundi akitoka mzima, analifungua kwa mkono wake mwenyewe.

Ndiyo maana mafundi hawaachani na makufuli yao. Hawaazimani. Hawayachezei. Kuna mwaka kitasa cha mlango wao kiliharibika, mke akasema, si tufunge na hilo jekundu usiku huu tu? Fundi alimtazama kama aliyetukaniwa mama. Akaburuta kabati la vyombo hadi mlangoni, akalala ameliegemea, kufuli liko mfukoni.

Na leo amempa mtoto, afungie boksi la viatu.

Alimweleza mama mkwe hayo yote kwa mkato, maneno yakikanyagana. Mama mkwe aliacha kuchambua.

"Labda ameacha kazi," alisema.

"Ameacha kazi, na basi la kazini amepanda?"

"Labda wamempandisha cheo."

"Mama."

"Mimi nasema labda!"

Mke wa Fundi alikuwa ameshachukua simu. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Sauti ile ile ya mwanamke asiyejali, haipatikani. Povu likaingia kwenye simu, akaifutia tumboni.

"Wiki hii," alisema bila kumtazama mtu, "amekuwa hapati usingizi. Nageuka namkuta amekaa kitandani, miguu chini, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikimuuliza anasema mgongo. Sikutaka kukwambia, Mama, usije ukaingiwa na hofu."

Mama mkwe aliuweka ungo chini, pembeni kabisa, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mimi nilimkuta bafuni," alisema. "Bomba limefunguliwa, maji yanakwenda, yeye amekaa juu ya ndoo na nguo zake zote. Nikamwita, akasema anaoga. Sikusema kwa sababu... nilidhani mmegombana. Mambo ya watu wawili."

"Baba analia," Chiriku alisema kutoka sakafuni. "Alinibeba akalia kwenye shingo yangu. Shingo ikalowa. Kasema nisimwambie mtu, na mimi sijamwambia mtu."

Wanawake wawili walitazamana. Wiki nzima nyumba moja, chungu kimoja, na kila mmoja alikuwa ameficha kipande chake mfukoni ili asimwudhi mwenzake. Sasa vipande vimewekwa pamoja, na kilichoonekana hakuna aliyetaka kukitaja.

Mke wa Fundi alimpigia Kijiko. Kijiko alikuwa fundi mwenzake Fundi, wanalala chumba kimoja huko kambini, na jina hilo alilipata kwa sababu hatembei bila kijiko chake mwenyewe, popote chakula kitakapomkuta. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa katikati ya vicheko na ngurumo za basi.

"Shemeji! Jamani, hata saa hazijapita umeshamkumbuka? Sisi wengine wake zetu wanatufungia geti tukitoka!"

"Yuko wapi?"

"Yuko nyuma huko, dirishani. Amelala. Au amefumba macho, sijui. Toka tupande hajasema neno."

"Shemeji, nisikilize. Kufuli lake liko kwangu."

"Kufuli gani?"

"Jekundu. Nimelishika mkononi. Amempa mtoto, amemwambia hatalihitaji tena."

Vicheko vya basi viliendelea, lakini Kijiko hakucheka. Ilikuwa kama ametoka kwenye basi lile akabaki peke yake na simu.

"Na ufunguo?" aliuliza taratibu.

"Na ufunguo."

"Mungu wangu." Sauti ilishuka ikawa mnong'ono. "Shemeji, nikwambie ukweli. Zamu iliyopita nilimwona anakaribia kuingia kwenye mtambo bila kufunga. Nikampigia kelele. Akasema kasahau. Fundi kama yule, asahau? Nikajiambia uchovu. Sote tumechoka. Sikukwambia kwa sababu..."

"Msimwache aende huko."

"Ngoja. Ngoja, fikiri kwanza. Msimamizi yuko kiti cha mbele hapa. Nikimwambia huyu jamaa kichwa hakijatulia, wanamwandika jina. Akishaandikwa ndiyo basi, mgodi mzima utamwita mwendawazimu, na kazi hapati tena. Tukishapita kituo cha kula, simu hakuna, na tunafika jioni. Sasa uamuzi ni wako. Nimshushe, nisimshushe?"

Mama mkwe alikuwa amesogeza sikio lake mpaka kwenye simu. Alimshika mkwewe kiganja kwa nguvu.

"Mwambie asiseme kitu," alinong'ona. "Mwambie amchunge tu. Mwanangu ataaibika. Ile kazi ndiyo heshima yake yote."

Mke wa Fundi alifumba macho. Aliona njia mbili, na zote zilimtisha. Kama amekosea, kama ni uchovu tu, basi leo anamvunja mumewe mbele ya wenzake kwa sababu ya wasiwasi wa jikoni, na Fundi hatamsamehe. Kama hajakosea na akanyamaza, basi jioni hii Fundi atafika pale penye meno yale, mikono mitupu, na hakuna wa kumpigia kelele. Aliogopa mpaka masikio yakaziba. Angependa mtu mwingine yeyote aulizwe swali lile.

"Mshushe," alisema.

"Shemeji?"

"Mshushe! Pale kwenye kituo cha kula. Mimi nakuja. Hata kama atanichukia mpaka—"

Simu ilikatika.

Alipiga tena. Haipatikani. Hakujua kama Kijiko alisikia neno hata moja.

Alitarajia mama mkwe amshambulie. Mama mkwe alisimama tu pale, mdomo wazi, mchele umemshika kwenye vidole. Halafu akamvua mkwewe aproni kwa mikono yake, kama anavyomvua mtoto nguo chafu.

"Vaa viatu," alisema. "Muuza maji bado yuko hapo nje, namsikia. Mwambie nimesema mimi. Akileta maneno, nitatoka."

Muuza maji alikuwa jirani yao, mwenye gari dogo la mizigo lenye tangi nyuma. Alikuwa mtu wa maneno mengi na bei za kubadilika. Alipomwona mke wa Fundi anakuja mbio, nywele wazi, alianza kama kawaida yake: "Dada, leo kiu imekushika vibaya, ndoo iko wapi?" Kisha akamwona uso. Aliuliza wapi, akaambiwa. Hakuuliza kwa nini. Alikwenda nyuma, akafungua koki ya tangi, na maji yake yote ya kuuza yakamwagika barabarani, yakapita katikati ya miguu ya kuku.

"Likiwa jepesi linakimbia," alisema. "Panda."

Njia ilikuwa ya lami mpaka mwisho wa mji, kisha vumbi. Gari lilirukaruka, tangi tupu nyuma likilia kama ngoma. Mke wa Fundi alikuwa amebana kufuli kati ya viganja viwili. Alipiga simu kila walipopanda mwinuko. Haipatikani. Kila gari lililokuja mbele yao alilitazama kama limebeba habari.

Mawazo yalimzunguka. Alimkumbuka Fundi juzi, mezani, akitaka kumsaidia Chiriku hesabu za shule. Mtoto alivuta daftari akasema, "Baba, wewe hujui, Mama ndiye anajua." Wote walicheka. Fundi alicheka pia. Akainuka, akaenda kusimama uani, mikono mfukoni, akitazama kamba ya nguo. Yeye mke alimwona kupitia dirishani. Aliona, akaendelea kupakua chakula. Alijiambia, siku zimebaki chache, nisianze maneno.

"Fundi ni mgonjwa?" muuza maji aliuliza mwishowe, macho barabarani.

"Sijui ni nini."

"Kaka yangu alikuwa dereva wa malori ya mbali," alisema, kisha akanyamaza, na mtu yule kunyamaza ilikuwa ajabu. "Sisi hatukumfuata," akaongeza, akakanyaga mafuta.

Kituo cha kula kilikuwa mstari wa vibanda, pampu ya mafuta, na uwanja wa vumbi wa mabasi kugeuzia. Uwanja ulikuwa mtupu. Alama za matairi mapana zilikuwa bado mbichi, zinaelekea nyikani.

Mke wa Fundi alishuka kabla gari halijasimama vizuri, nusura aanguke. Alikimbia hadi kibanda cha kwanza. Mama mmoja alikuwa akipanga sahani chafu.

"Basi la mgodi?"

"Limeondoka sasa hivi, mama."

"Kuna mtu ameshuka? Kuna mtu amebaki?"

"Hapa wanashuka wote, wanakula, wanapanda wote. Mimi siwahesabu."

Mke wa Fundi alisimama katikati ya uwanja ule, jua la mchana limemkalia utosini, akazunguka, akazunguka tena. Nyika ilikuwa wazi pande zote na hakuna mtu. Akafikiri, nimechelewa. Akafikiri, nilipaswa kusema toka juzi, pale dirishani. Alianza kutembea kufuata alama za matairi, kwa miguu, kama mtu aliyepotewa na akili, mpaka muuza maji akamshika mkono.

"Dada. Dada, tazama kule. Nyuma ya pampu."

Nyuma ya pampu kulikuwa na bomba la maji na kivuli chembamba cha ukuta. Wanaume wawili walikuwa wamekaa chini. Mmoja alikuwa Kijiko, na sahani ya chakula imejaa mbele yake, haijaguswa, nzi wanajilia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mkanda wa suruali wa mwenzake, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto kando ya kisima.

"Nimewaambia hana kufuli," Kijiko alisema alipomwona, anahema kama alikuwa akipigana. "Basi. Kanuni inasema fundi asiye na kufuli asikanyage mtamboni. Msimamizi ananiuliza, wewe tangu lini unazijua kanuni? Nikamwambia tangu leo, na mimi nashuka naye. Kapandisha ile sauti yake. Nimemwambia apandishe hadi mbinguni."

"Sikukuomba unishushe," Fundi alisema. Alikuwa akitazama vidole vyake. "Mmenidhalilisha mbele ya watu. Nimesahau kufuli, basi. Mtu hasahau?"

Mke wa Fundi alipiga magoti kwenye tope la bomba. Njiani alikuwa amejipangia maneno mengi mazuri. Yote yalikuwa yamemtoka. Lilibaki moja tu, na lilimtisha kuliko safari nzima, kwa sababu aliogopa kulitamka na aliogopa jibu lake.

"Baba Chiriku. Unataka kufa?"

Kijiko aligeuza uso. Tone la bomba lilidondoka, likadondoka tena.

"Maneno gani hayo," Fundi alisema.

"Nakuuliza. Mimi mkeo. Sitaondoka hapa kabla hujanijibu."

Kidevu cha Fundi kilianza kutetemeka. Alikishika kwa mkono, kama anayezuia mashine isiwake, na hakikuzuilika.

"Sijui," alisema. "Sijui, Mama Chiriku. Nataka kelele iishe. Nikiwa kule nawaza huku. Nikija huku, naona nyumba imefungwa vizuri bila mimi. Kila kitu kina mahali pake. Mimi sina. Nikiondoka mnapata nafuu, nawaona, msikatae. Nikasema, basi, bora..." Hakumaliza. "Halafu yule mtoto akaniuliza nitarudi lini, nikakosa jibu. Nikampa kitu."

Mke wa Fundi hakumwambia si kweli. Alijua asubuhi ile nyumba ilishusha pumzi, na yeye alikuwemo.

"Paa la jikoni linavuja," alimwambia. "Toka mvua za mwanzo. Mama yako anaifunika ndoo kwa kitambaa ili usiione. Chiriku ameshindwa kusoma, mwalimu ananiita kila mara, na hizo hesabu siziwezi, nabahatisha. Mimi nalala na taa, naogopa ukiwa hupo. Tumekudanganya kwa miaka, Baba Chiriku. Hakuna kilicho mahali pake."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala tangu lini.

"Kwa nini hamkusema?"

"Kwa nini wewe hukusema?"

Mke wa Fundi alimfuta uso kwa upindo wa gauni lake, ukampaka tope badala ya kumsafisha.

"Hatuendi nyumbani," alisema. "Tunaanzia hospitali."

"Nitawaambia nini? Hakuna panaponiuma."

"Utawaambia ulivyoniambia."

"Nikishindwa?"

"Nitaanza mimi."

Waliporudi, Fundi alikaa katikati, kati ya mkewe na muuza maji, goti limebanwa na gia. Kijiko alipanda nyuma, akalikumbatia tangi tupu. Mke wa Fundi alikuwa ameshika mkono wa mumewe na hofu haikuwa imemtoka. Kila gari lilipopunguza mwendo, alibana zaidi. Aliona wazi kwamba hofu hiyo haitaisha leo, wala hata wiki hii, kwamba atakuwa akigeuka kitandani kuangalia kama yupo.

Hospitalini waliketishwa kwenye benchi la mbao, korido ndefu, harufu ya dawa ya kusafishia. Feni ya darini ilikuwa inagonga kitu kila ikizunguka. Fundi aliinuka mara moja, akatazama mlango wa kutokea. Mkewe hakumvuta. Alibaki ameketi, akimtazama kisigino. Kisigino kikageuka. Akakaa.

Muuguzi alitoka, mwanamama mwenye miwani, amechoka naye.

"Mgonjwa ni nani hapa?"

Mke alivuta pumzi ili aanze, kama alivyoahidi.

"Ni mimi," Fundi alisema.

"Sema kwa sauti, baba, feni hii inanizibia masikio."

Fundi alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akasema tena.